Usaha Mezani kwa Klementi

Fortunata alikuwa amesimama kando ya jeneza la bibi yake, tayari kusoma wasifu, pale roho ilipomchafuka. Si kwa maiti. Bibi Skolastika alikuwa ameoshwa vizuri na kuvikwa gauni lake jeupe la unesi. Kilichomchafua ni karatasi aliyoshika. Yeye alikuwa ameandika kurasa mbili kwa mkono. Badala yake, mjomba wake Severini alikuwa amemkabidhi ukurasa mmoja uliopigwa taipu, na mstari wa mwisho ulisema marehemu alimlea kikazi Daktari Klementi, akamwachia kazi yake aiendeleze.

Klementi mwenyewe alikaa kiti cha mbele, suti ya kijivu, leso puani. Hakuwa daktari. Kijiji kizima cha Rutamba kilimjua tangu alipokuwa akifagia zahanati ya serikali, miaka ile Bibi Skolastika alipokuwa akizalisha wanawake humo. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua matibabu, Klementi alipanga chumba karibu na soko, akavaa koti jeupe, akaanza kudunga. Homa, sindano. Tumbo, sindano. Kiuno, sindano. Watu walimpenda, maana kabati la zahanati lilikuwa tupu na yeye hakumrudisha mtu.

Wakati huo Bibi alikuwa ameshastaafu, analima mihogo na kumlea Fortunata, yatima wa binti yake. Alimlea kinesi. Alimkagua kucha kila asubuhi, akamfundisha kusoma kwa maboksi ya dawa, na alipovunja ungo alimketisha akamweleza kila kitu bila kuzungukazunguka.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, jirani yao Mwanaima aliingia uani amembeba mwanawe wa miaka minne. Paja la mtoto lilikuwa limevimba hadi linang'aa. Klementi alikuwa amemdunga hapo siku nne mfululizo. Bibi alichemsha wembe, akampa Fortunata beseni alishike, akapasua. Usaha ulichuruzika wa kijani, ukinuka kama panya aliyeozea darini. Fortunata alitapika mlangoni. Bibi hakukunja hata uso. Alikamua mpaka ikatoka damu safi, huku akimwimbia mtoto polepole kwa Kimwera, kisha akamwagiza Mwanaima apande gari la kwanza la kwenda hospitali ya Lindi.

Zile pamba hakuzitupa. Alizifunga kwenye jani la mgomba, akashika njia ya sokoni, Fortunata nyuma yake. Kwa Klementi walikuta wagonjwa saba wamepanga foleni. Mezani palikuwa na kikombe cha maji ya uvuguvugu, na ndani yake bomba moja la sindano, la wote saba.

Bibi alilifungua jani juu ya meza.

“Hii ni yako,” alisema. “Nimekurudishia.”

Wagonjwa walitoka wameziba pua. Baada ya wiki mbili walirudi.

Basi, pale kando ya jeneza, Fortunata alisoma wasifu ule mpaka kwenye mstari wa mwisho, akaikunja karatasi.

“Huu siusomi,” alisema. “Bibi yangu hakumwachia huyu kitu. Mtoto wa dada Mwanaima anachechemea mpaka leo kwa sindano yake.”

Macho yote yakamgeukia Mwanaima. Mwanaima aliinama, akaweka sawa khanga yake. Klementi ndiye aliyeinuka. Kwa sauti ya upole aliwaomba waombolezaji wamsamehe binti, ana uchungu. Vichwa vikatikiswa kukubali, katekista akaanzisha wimbo, jeneza likainuliwa. Fortunata alihisi msamaha ule umemganda mwilini kama makamasi ya mtu mwingine.

Walipotoka makaburini alimuuliza mjomba wake kwa nini aliuweka mstari ule. Severini hakuficha: Klementi ameahidi kumchukua Brighton, mtoto wake Severini, amfundishe kudunga. Kijana amekaa bure tangu amalize shule, na mwezi mmoja tu unatosha kujifunza.

Fortunata akamwacha, akamfuata Mwanaima aliyekuwa akipakua ugali. Hakumlaumu, alimuuliza tu mtoto anaendeleaje.

Mwanaima hakumtazama. “Mdogo wangu, juzi mdogo wake mwanangu huyo alishikwa na homa,” alisema. “Zahanati hawana hata kidonge. Nilimpeleka kwa Klementi. Sasa ningesema nini mbele yake?”

“Alimdunga?”

“Alimdunga.”

Uani, Klementi alikuwa ameketishwa na wazee kwenye jamvi. Udongo wa kaburi ulikuwa bado umemjaa kwenye kucha. Mtu alimpitishia maji ya kunawa, akayakataa kwa mkono, akamega tonge, akalitumbukiza kwenye bakuli la mchuzi mpaka vidole vikazama. Wazee nao wakachovya baada yake, mmoja mmoja, wakimsifu kwa kuliheshimu kaburi la marehemu.

Siku hiyo Fortunata hakula.