Ahadi ya Nne

Bertila alikuwa ameandika ahadi tatu, na zote nilizipenda. Ya nne ndiyo iliyonifanya niweke pasi chini.

"Soma tena," nikamwambia.

Akasoma, kwa sauti yake ileile ya kuongozea rozari: "Nne. Nikichaguliwa, nitaomba wasichana wafyatue matofali ya shule tu, siyo matofali ya nyumba ya mtu."

Nikaenda kufunga mlango. Chumba changu kilikuwa mwisho wa bweni, maana mimi, Eustadia, ndiye niliyekuwa mama bweni wa shule ile ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Tabora. Kuta zake hazikufika kwenye paa. Neno likisemwa kwangu, wa kitanda cha mwisho walilisikia.

"Nyumba ya mtu gani?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Mama, si unajua."

"Mimi najua. Nataka kujua kama na wewe unajua unachokigusa."

Mwaka ule maneno ya kura yalikuwa yameenea mji mzima, kuanzia stesheni mpaka sokoni. Sista Mkuu, aliyekuwa amehamia kwetu baada ya Pasaka, naye akaona heri wasichana wajifunze mapema: wachague baraza lao na mkuu wa baraza, badala ya kuwekewa viranja na walimu. Anayegombea aandike ahadi zake, Mwalimu Damas azipitie, kisha mwenyewe azisome mbele ya shule na wazazi, Jumapili baada ya Misa. Wagombea walikuwa Bertila wangu na Koleta, binti wa katekista wa Ntalikwa.

Mwalimu Damas alikuwa msaidizi wa Sista, na tena alikuwa ulimi wake. Sista alikuwa na Kiswahili cha kitabuni. Ukizungumza haraka alikuwa anapotea, anamgeukia Damas. Na Damas huyohuyo ndiye aliyeandika majina ya wasichana wa kwenda chuo cha ualimu. Jina la Bertila lilikuwemo. Marehemu mume wangu Kasimiri, aliyekuwa fundi wa reli, aliniachia mtoto huyo mmoja na usia mmoja: asome mpaka afundishe.

Sasa matofali. Tangu kiangazi kianze, kila saa za kazi za mikono zilipofika, wasichana walikanyaga udongo na kufyatua. Sista aliambiwa ni ya jiko jipya. Jiko likapata ukuta mmoja. Mengine yote yalivuka uzio, vichwani mwa wasichana haohao, hadi kwenye kiwanja ambako Mwalimu Damas alikuwa anajijengea nyumba. Mimi jioni niliipaka asali mikono iliyopasuka.

"Wale wadogo hawawezi hata kushika kalamu, Mama," Bertila akasema. "Niahidi chumvi kwenye maharage, halafu hili nilipite kama sikuliona?"

"Basi andika kwa upole."

"Nimeandika nitaomba. Sikuandika nitakataza. Upole gani tena?"

Nikachukua pasi. Makaa yalikuwa yamekwisha kufa. Sikumwambia aifute, wala sikumwambia aiache.

Ijumaa Mwalimu Damas alinikuta kwenye kamba za kuanikia nguo.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Bertila."

"Milele amina, Mwalimu."

Alikuwa na karatasi ya mwanangu. Ahadi tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa imefunikwa kwa wino mwekundu, hata herufi moja haionekani.

"Mtoto wako ana akili nyingi," akasema, "nyingine zimezidi. Hii ni siasa. Serikali haitaki siasa shuleni."

"Ni matofali, Mwalimu."

"Leo matofali, kesho nini?" Alitabasamu. Alikuwa mtu wa kutabasamu, hilo nimpe haki yake. "Sikia, mama yangu. Majina ya ualimu yako mezani kwangu, yanaondoka Jumatatu na garimoshi. La mwanao litaondoka, au halitaondoka. Jumapili asome tatu, akae chini. Hiyo ya nne akiitamka kwa kinywa chake, afunge sanduku lake arudi nyumbani akapike."

Nikaendelea kubana shuka.

"Na usiende kwa Sista," akaongeza. "Utamwambia kwa lugha gani? Ataniita mimi nikutafsirie."

Jioni nikampa Bertila karatasi yake na maneno ya Damas yote, bila kupunguza. Akaukwaruza wino ule kwa ukucha.

"Kwa hiyo utasoma tatu?" nikamuuliza.

"Sijui, Mama."

"Bertila."

"Nikikuambia ndiyo nitakuwa nimekudanganya. Nikikuambia hapana hutalala. Acha niseme sijui."

Sikulala vilevile.

Jumamosi nikatoka mpaka getini kwa Bi Masika. Bi Masika alikuwa Mzaramo aliyezaliwa Tabora hapahapa. Babu yake alipanda na misafara kutoka pwani, akaishia mtaa wa Gongoni, asirudi. Yeye alikaanga maandazi mbele ya shule yetu. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za misafara. Mtani atakusema mbele ya mkweo, atabeba kuku wako mchana kweupe, na wewe utacheka. Ukinuna, aliyeharibu ni wewe, na wazee hawatakusamehe. Siku tulipomzika Kasimiri, Bi Masika alivaa koti la marehemu, akajilaza kwenye mkeka wa wafiwa na kuagiza chai. Nilitaka kumpiga. Nikajikuta nacheka, kicheko cha kwanza tangu mume wangu afumbe macho. Tokea siku ile hatukufichana kitu, yeye na kanga zake za kuendea maulidi, mimi na rozari yangu.

"Mbona uso umekunjamana kama viazi vya matobolwa vilivyosahauliwa juani?" akanipokea.

"Niache leo, mtani."

"Sikuachi. Kununua hununui, kucheka hucheki, umekuja kunifukuzia wateja?"

Nikamweleza. Alikuwa anageuza maandazi, hakuniangalia hata mara moja. Nilipomaliza akauliza, "Na huyo mwalimu ni Mnyamwezi?"

"Wa Nzega."

"Kumbe." Akaepua andazi. "Kesho kaniagiza maandazi ya wageni, huyo wa Nzega."

"Bi Masika, nakuomba..."

"Koma hapohapo! Mtani hatumwi. Akitumwa si mtani tena, ni mpambe, na mpambe hushtakiwa. Mimi hukuniambia kitu. Nenda kasali."

Nikaenda kusali. Kama angefanya neno, au asingefanya, sikujua.

Jumapili ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, wasichana chini, na mbele kabisa, nyuma ya jamvi lililosimamishwa, kulikuwa na vyungu viwili vya kupigia kura. Kila msichana alikuwa ameshika punje yake ya mahindi. Sista Mkuu alikaa kwenye kiti cha mikono na Damas pembeni yake, suti imepigwa pasi, anamnong'oneza kila linalosemwa.

Koleta akasoma vizuri. Aliahidi wali Jumapili, wasichana wakashindwa kujizuia, wakapiga vigelegele.

Ndipo Bi Masika akaingia na sinia kubwa limefunikwa kitambaa. Damas alikuwa amechangamka. Nadhani alitaka Sista aone jinsi watu wanavyompenda. Akapaza sauti:

"Nani kamfungulia Mzaramo? Hesabuni maandazi kabla hajayala mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikaishika rozari. Mlango wa utani Damas alikuwa ameufungua kwa mkono wake.

Bi Masika aliweka sinia chini, akaketi kando yake, akajifunga kanga vizuri. Bertila akaitwa.

Akasoma ya kwanza, kuhusu chumvi. Akasoma ya pili, kwamba wadogo waoge kabla maji hayajaisha. Akasoma ya tatu, kwamba wasichana wageni wasibebeshwe masanduku ya wakubwa kutoka stesheni. Kisha akabaki anautazama ule wino mwekundu. Damas alimwonyesha kwa kidevu: kaa. Bertila hakukaa. Akainua macho akanitafuta kati ya watu, akanipata, na nikaona kifua chake kinajaa pumzi. Nikajua anaitamka. Mama Maria, nikasema moyoni, mzibe kinywa, au unizibe mimi masikio.

"Ee binti, umekwama?" Ilikuwa sauti ya Bi Masika, toka chini sakafuni. "Ndivyo mlivyo Wanyamwezi! Kwa mizigo hodari, kwa maneno hoi!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Masika akasimama, akafunua kitambaa cha sinia, na kutoka kati ya maandazi akatoa tofali. Akaliweka kichwani. Akaanza kutembea mbele ya wageni, mgongo umepinda, anahema kama mpagazi anayepanda kilima.

"Babu zenu hawa!" akasema. "Pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka kwetu pwani. Lakini bure? Thubutu! Mpagazi wa Kinyamwezi ukimdhulumu, safari ya pili hakubebei, hata umpigie magoti. Sasa nawaona wajukuu zao. Kutwa matofali, wanavuka uzio, wanampelekea mtani wangu Damas nyumbani kwake. Bure! Hata kipande cha nguo ya kaniki hawapati! Enyi Wanyamwezi, biashara mmeisahau wapi?"

Akalitua tofali miguuni pa Damas.

"Nimekuibia hili moja, mtani. La kuegemezea kikaango. Niitie polisi."

Kicheko kilichoanza kwa kishindo kilikatika vipandevipande, benchi hadi benchi. Wazee walimtazama Damas. Angekasirika, angekuwa amekwisha mbele yao. Akacheka. Yalikuwa meno matupu.

"Mzaramo mwizi huyu," akasema.

Sista alimgeukia. "Yeye anasema nini?"

"Ni desturi, Sista. Mzaha wa makabila. Hauna maana."

Sista akainama, akaliokota tofali. Juu yake kulikuwa na alama za vidole, vidole vidogo, vimekaukia kwenye udongo. Halafu hakumtazama Damas tena. Alinitazama mimi, maana alinizoea kwa sala za jioni bwenini.

"Mama Eustadia," akasema polepole. "Ni mzaha?"

Nikasimama. Utani ulimkinga Bi Masika, mimi haukunikinga. Bertila alikuwa hajaitamka ahadi ya nne. Bado alikuwa salama. Ndiyo moja tu kutoka kwangu, na Jumatatu jina lake lingepanda garimoshi. Nilimwona Kasimiri na usia wake. Niliiona na ile mikono niliyoipaka asali. Na tangu utoto nilifundishwa usimshuhudie jirani yako uongo, wala hakuna aliyeniambia kwamba mwenye mtoto anaruhusiwa.

"Ni mzaha, Sista," nikasema. Mabega ya Damas yakashuka.

Nikaendelea, neno baada ya neno, kama ninavyowasomesha sala watoto wageni. "Maneno ni mzaha. Tofali si mzaha. Mengine yako kule. Twende, nikuonyeshe."

Alielewa. Niliona anaelewa kabla sijamaliza. Akachukua mwavuli wake.

Tulivuka uzio, Sista na mimi mbele, wazazi nyuma, na Damas kando akizungumza Kiingereza haraka haraka. Sista alisimama katikati ya chumba kisicho na paa, akagusa ukuta, akaangalia mwingine. Damas bado alikuwa anaongea.

"Sema Kiswahili, Mwalimu," Sista akamwambia. "Wote tusikie."

Damas akabadili lugha. "Niliyaazima, Sista. Yatarudi."

"Na mikono nayo uliiazima, mtani?" Bi Masika akauliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

Tuliporudi ukumbini Bertila alikuwa bado amesimama palepale. Sista akakaa. "Endelea," akamwambia. "Kuna namba nne."

Bertila alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaisema yote kwa kichwa.

Kisha wakapiga kura, na Koleta akashinda. Wali ni wali. Jumatatu jioni Bertila bado alilia kidogo chumbani kwangu, nikamwacha alie, kwa sababu asubuhi ile Sista alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye meza ya Damas, akatia sahihi majina yote kama yalivyokuwa, na garimoshi likaondoka nayo.

Wiki ile wasichana wakiwa darasani, vibarua waliokodiwa na Damas walikuwa wanayarudisha matofali huku ng'ambo ya shule, na fundi alikwisha kuanza ukuta wa pili wa jiko. Nilipita getini, nikamwona Bi Masika na kikaango chake kimeegemea tofali lile lenye alama za vidole.

"Hilo halikurudi?" nikamuuliza.

"Lirudi wapi?" akasema, akanitupia andazi la moto. "Hili la mtani."