Diwani wa Mapipa

Elkanah alimtambua yule mzungu kabla hajafunga mkanda. Huko Kisii, kwenye duka lenye televisheni, aliwahi kumwona akiwa jaji, wigi nyeupe kichwani, akimfunga jela mzee asiye na meno.

"Yule mzee ni shemeji yangu," mzungu alisema alipoulizwa. "Hakuwa na kazi mwaka ule."

Jina lake Desmond Harkness. Alikuwa amekuja Riyadh kuigiza filamu ya mafunzo ya wauguzi, na jioni hiyo alitakiwa kwenye hafla Jeddah. Vumbi likafunga uwanja wa ndege, kampuni ikamwamsha dereva wake Elkanah alfajiri: yalla, haraka, mpeleke kwa gari. Walipokuwa wakipita mtaa wa Batha, mzungu akasema kuigiza kumepungua siku hizi. Kwao Uingereza yeye ni diwani.

Elkanah akapunguza mwendo. Dada yake Hannah alikuwa Jeddah, mfanyakazi wa ndani. Mkataba wake uliisha mwezi wa pili, na sasa ni wa tisa. Kila akiomba kibali cha kutoka nchini, madam humwambia asubiri. Na leo Mungu ameleta diwani ndani ya gari.

Lakini mheshimiwa haparamiwi. Kwao mtu akienda kwa diwani huanza na salamu, kisha mvua, kisha ng'ombe. Shida huja mwisho, imeshavaa viatu. Basi Elkanah alimsalimu, akamsifu, akamnunulia chai kwenye vituo vya mafuta, akamweleza habari za ndizi za Kisii. Wakaizunguka Makka kwa barabara ya wasio Waislamu, shida bado iko tumboni. Aliitoa mlangoni mwa hoteli, saa tisa alasiri.

"Muda wa saa kumi nimekaa humu garini," Desmond alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa hujala, mheshimiwa."

"Nimekula mara tatu."

"Basi nilikuwa sijamaliza salamu."

Desmond akamweleza kwamba udiwani wake ni wa mapipa ya taka, taa za barabarani na kinyesi cha mbwa. Gari hana, ana baiskeli. Hata mhuri hana. Elkanah akajiona mjinga. Kilomita mia tisa alikuwa akimbembeleza mtu wa mapipa.

"Huyo mwajiri, umemwomba wewe mwenyewe?"

"Hannah humwomba madam."

"Na mume wake?"

"Huyo hajaombwa na mtu."

Desmond akatazama saa. Gari la hafla lingemfuata saa kumi na nusu. "Watu wangu wakiogopa ofisi, huwa naenda nao. Sisemi neno, nakaa tu. Ila usiseme mimi ni jaji."

Nyumba ya madam ilikuwa ng'ambo ya mtaa wa Al-Mahjar. Mume wake, mzee wa ukoo wa jangwani, alifungua mwenyewe. Akamwangalia dereva, akamwangalia mzungu mwenye suti.

"Huyu nani?"

Ulimi ulimwasha Elkanah. Neno moja tu, jaji, na lilikuwa pale pale mdomoni.

"Mgeni wangu, baba," akasema kwa Kiarabu chake cha barabarani.

Mgeni hafungiwi mlango. Wakaketishwa kwenye zulia, tende zikaja, kahawa ya manjano ikamiminwa. Desmond akainua kikombe.

"Usinywe," Elkanah alisema kwa Kiingereza, akitabasamu kama anayesifu tende. "Weka chini. Hawa watu, mgeni mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe." Miaka sita alikuwa amewasubiri mabosi vibarazani, na hayo aliyaona kupitia milango iliyoachwa wazi.

"Mpaka lini?"

"Mpaka akubali."

"Miaka thelathini nimekaa mbele ya chai ya uongo ya kuigizia," Desmond alisema. "Naweza."

Akaweka chini. Elkanah naye akaweka chake.

Mzee akaviangalia vile vikombe viwili. "Kunyweni."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mvuke ukaisha.

"Haya, semeni haja yenu."

Elkanah akasema: Hannah ni dada yangu, mkataba ulikuwa miaka miwili, miezi saba imezidi, anataka kwenda kwao.

"Madam hana mwingine. Baada ya Haji, tutaona."

Elkanah akatazama kikombe chake. Hajawahi kumjibu mwajiri wa mtu. "Wiki hii, baba."

Saa ya ukutani ilifika kumi na nusu, ikaipita. Desmond hakuwa ameelewa neno hata moja, lakini alibaki amenyoosha mgongo, mikono magotini.

Mzee akavuta pumzi, akampigia simu mtu wake wa makaratasi. Alitaja jina la Hannah, akasoma namba ya ikama, kibali chake cha kuishi, akasema atoke wiki hii, safari ya kwenda bila kurudi.

"Halas, imekwisha," akasema akiweka simu. "Kunyweni, imepoa."

Wakanywa. Nyuma ya pazia la jikoni, Hannah aliweka sinia chini kwa uangalifu, lisitoe sauti.