Wembe Amhakiki Kasuku

Wanafunzi walimwita Wembe. Mwenyewe alilijua jina hilo, na tuseme kweli, lilimpendeza kuliko uprofesa. Kwa miaka mingi aliandika safu ya uhakiki wa vitabu katika gazeti la Jumapili, na kila Jumapili kulikuwa na mwandishi mmoja mahali fulani aliyekosa hamu ya kula. Hakuwa mkatili. Hakujua tu kumumunya maneno. Kitabu kikiwa kizuri alisema ni kizuri na akaeleza kwa nini. Kikiwa kibovu alisema ni kibovu, na hapo maelezo yakawa marefu zaidi.

Kila kitabu alikisoma mara mbili. Mara ya kwanza alijilaza kwenye kochi la sebuleni, viatu kavua, kama msomaji yeyote aliyetoa pesa yake. Mara ya pili aliketi mezani na penseli, miwani imeshuka puani, akitafuta ugomvi. Mkewe hakuwa na haja ya kungoja gazeti. Alimwekea mumewe kikombe cha chai kando ya kochi, na akirudi akakuta imepoa haijaguswa, alijua mwandishi huyo ameokoka.

Wembe naye alikuwa mwandishi wa riwaya, maana watu husahau. Riwaya yake ya kwanza ilisomwa mashuleni mpaka majalada yakachanika. Ya pili aliiandika kwa majivuno makubwa, na kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji akampa rafiki yake aisome. Rafiki huyo walikaa naye dawati moja tangu utotoni, na aliitwa Kasuku kwa sababu mdomo haukumtulia hata mwalimu akiwa na fimbo mkononi. Wakati huo Kasuku alikuwa akifundisha sekondari, na yeye mwenyewe akiota kuandika. Aliisoma yote, akaja nayo kwapani, akamwambia mwenzake kwamba humo ndani hamna mtu, mna mawazo matupu yaliyovalishwa mashati.

Wembe alicheka kiume, akammiminia soda, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akanuna karibu mwaka mzima. Wakikutana barabarani alivuka upande wa pili, mtu mzima na digrii zake. Ilibidi wake zao wale njama, wakawaalika chakula kimoja bila kuwaambia, ndipo wakasalimiana. Riwaya aliichapisha hivyo hivyo, na wasomaji wakasema yale yale ya Kasuku, ila bila adabu. Hakuandika ya tatu. Alibaki na darasa lake na safu yake.

Kasuku ndiye aliyeandika vitabu, kimoja baada ya kingine. Kila alipotoa kitabu, Wembe alimwambia mhariri ampe mtu mwingine akihakiki. "Sihakiki marafiki," alisema, na watu wakamsifu kwa uadilifu huo. Hata wanafunzi wake aliwafundisha hivyo, wakaandika madaftarini. Kasuku hakulalamika. Alileta nakala mwenyewe, akaiweka mezani, kisha wakaongea habari za mpira, watoto na presha, kila kitu chini ya jua isipokuwa kitabu.

Ndipo moyo wa Kasuku ulipoanza kumsumbua. Madaktari walimpa dawa kwa miezi mingi, kisha wakaamua apasuliwe, na hawakuficha kwamba hatari ipo. Riwaya yake mpya ilikuwa ndiyo kwanza imetoka. Wembe alipokwenda kumwona hospitalini alimkuta kapungua, sauti imekuwa ya mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Walizungumza kidogo juu ya mpira. Kisha Kasuku akasema, "Hiki nihakikie wewe."

"Unajua sihakiki marafiki."

"Najua. Rafiki nimekuwa siku nyingi. Sasa nataka niwe mwandishi kidogo, kabla hawajanipasua."

Nani angekataa? Wembe alikwenda nyumbani, akakisoma, akaandika usiku huo huo. Aliandika kwamba Kasuku ni gwiji. Aliandika kwamba ni hazina, kwamba kalamu yake haichuji. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeandika hivyo angerudishiwa karatasi imejaa wino mwekundu, kwa maana Wembe mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema darasani kwamba hayo ni maneno ya mtu ambaye kitabu hajakifungua. Lakini huruma ikishampanda mtu kichwani, elimu hukaa pembeni.

Kabla ya kuipeleka gazetini alikwenda kumsomea mgonjwa. Kasuku alisikiliza amefumba macho. Mke wa Kasuku alikuwa upande wa pili wa kitanda akimenya chungwa.

"Operesheni ni Jumatano ijayo," Kasuku alisema ilipokwisha. "Mbona umeshanizika leo?"

"Kasuku, nimekusifu."

"Hiyo ni tanzia. Umesahau tu kutaja saa ya mazishi." Akageukia ukutani.

Mkewe akaweka chungwa chini, akamtoa Wembe hadi kwenye korido. Alimweleza kwamba mumewe alikuwa akiingoja karatasi ile kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. "Shemeji, huyu anaamini hujawahi kusoma kitabu chake hata kimoja," alisema. "Au umesoma, ukamwonea aibu. Hajui lipi ni baya zaidi, na anakwenda nalo kwenye kisu."

Wembe alirudi nyumbani kanywea. Alimsimulia mkewe, akitarajia pole. Hakuipata.

"Chai niliyomwaga kwa ajili ya vitabu vya shemeji ingejaza pipa," mkewe alisema. "Kwa nini hukumwambia?"

Wembe akaanza habari za kanuni yake.

"Kanuni gani, baba watoto? Uliogopa. Yeye alikwambia ukweli, ukanuna mwaka. Ukajua ukimwambia wa kwake naye atanuna, na wewe mwaka mwingine bila yule mtu huuwezi."

Profesa aliyewajibu watu katika kumbi kubwa kubwa alivua miwani tu. Alikaa kwenye kochi, mikono magotini. Kumbe maadili yake yote yale, aliyowafundisha watoto wa watu, yalikuwa woga uliovaa suti. Alimpenda Kasuku, ndilo lililokuwa chini ya yote, na aliona haya kulijua akiwa ameshakula chumvi nyingi hivyo.

Asubuhi akakisoma kitabu mara ya pili, na penseli. Riwaya ilihusu fundi kufuli, mzee mgumu, aliyemfukuza bintiye na kukataa kumwomba radhi. Wembe aliandika kwamba kwa muda mrefu hajasoma mtu aliye hai kama huyo: anapumua, ananuka grisi, anakera. Kisha akaandika kwamba sura ya mwisho inadanganya. Mzee anasamehe na kusamehewa katika ukurasa mmoja, na binti anamkumbatia, na kila mtu analia vizuri. "Fundi huyu hakuwa tayari," aliandika. "Aliyekuwa tayari ni mwandishi. Alikuwa na haraka ya kusamehewa, akamburuta mhusika wake."

Mhariri alipoisoma alipiga simu kuuliza kama ana hakika, maana mtu mwenyewe yuko kitandani na moyo ndio huo. Wembe akamwambia achape. Baada ya kukata simu akakaa. Ikiwa Kasuku angekwenda kwenye kisu na kinyongo, na asirudi, kinyongo hicho angebaki nacho nani?

Jumapili aliingia wodini moyo ukimdunda kuliko wa mgonjwa. Gazeti lilikuwa limetandazwa juu ya miguu ya Kasuku. Mkewe alisimama, akatoka. Kasuku hakuinua macho kwenye gazeti. Wembe akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Hakumkumbatia," Kasuku alisema hatimaye.

"Nani?"

"Binti. Alimshika bega tu. Msomaji mzembe wewe."

"Alimshika bega akaliegemea. Huko ni kukumbatia kwa mtu anayeona haya."

"Ni bega! Nimeandika bega!"

"Uliandika bega kwa sababu ulijua kukumbatia ni uongo, na ukashindwa kuufuta wote."

Basi wakashikana kwa maneno. Kasuku alinyanyuka juu ya mto, akagonga gazeti kwa vidole, akataja ukurasa. Wembe akataja mwingine. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza shingo. Muuguzi akaja mbio kumtoa huyu mgeni asiye na haya, lakini mke wa Kasuku alimzuia mlangoni. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, machozi yanamtoka. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu mumewe augue, na alimwomba muuguzi awaache kidogo.

Kasuku alipoishiwa pumzi alilala chali. "Niliiandika sura ile mara ya kwanza daktari aliponiambia habari ya moyo," alisema. "Ni kweli niliogopa."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Kwa sababu katika vitabu vingine vyote hujawahi kumhurumia mtu asiyestahili."

Kasuku aligeuza kichwa polepole, akamtazama.

"Vingine vyote?"

"Vyote," Wembe alisema. "Mara mbili mbili. Nilikuwa naogopa utaninunia."

Mdomo wa Kasuku ulicheza kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya shuka, bila kuficha. Kisha akapapasa pembeni ya kitanda, akamwonyesha kiti.

"Anza na cha kwanza," alisema. "Tunao muda mpaka Jumatano."