Wilbroad wa Tano

Apolinaria alikuwa uani kwake Kwihara, anapepeta karanga, askari polisi alipoingia, akapiga saluti na kusema, "Mko chini ya ulinzi!"

Askari huyo alikuwa na uso wa Wilbroad, mwanawe Apolinaria, ule wa zamani, kabla mashavu hayajajaa ubunge. Sare ilimbana kwapani. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini, na Apolinaria akajua amekuja kwa mguu kwa ile njia ya misafara ya kale, kama watu wote wasio na nauli.

"Karibu, baba. Maji yapo mtungini," akamwambia, akaendelea kupepeta.

Alimkumbuka vizuri. Kabla ya kuwa mheshimiwa, Wilbroad alikuwa akionekana kwenye filamu za Dar es Salaam, akipita tu: anafungua geti, anakamata mwizi, anafunga ndoa, anafunikwa shuka. Nchi nzima iliijua sura bila kulijua jina. Uchaguzi ulipofika, alibandika jina chini ya sura, akapita.

Kabla ya Jumapili wakafika wengine watatu: mlinzi wa geti na kirungu chake, bwana harusi mwenye suti nyeupe na ua kifuani, na maiti mwenye pamba puani. Kila mmoja aliweza kusema yale tu aliyoandikiwa. Mlinzi alikuwa na "Bosi hayupo." Bwana harusi alikuwa na "Ndiyo, nakubali." Maiti hakuandikiwa neno, na ndiye aliyekuwa hodari wa kulima kuliko wote. Jirani wa Apolinaria, Advera, alikuja kumwazima akang'oe visiki, akamrudisha kabla ya chakula, pamba imechafuka kidogo.

Kilichomnyima Apolinaria usingizi kilikuwa kingine. Mumewe Raymundi alikufa wakati wa kampeni, na Wilbroad hakuja kuzika. Alituma shada la plastiki na video ya pole. Katika ukoo wao, msalaba wa saruji hausimikwi mpaka kifungua mimba aushike kwanza. Ule wa mti mchwa walikwisha kuula. Wa saruji ulikuwa umeegemea ukuta wa jiko, kuku wakilala juu yake, na kaburi lilikuwa linatitia. Mawingu yalianza kukaa upande wa Bukene. Mvua ikinyesha, hakuna atakayejua Raymundi amelala wapi.

Akapiga simu. "Mheshimiwa yuko kikaoni," akajibu mtu wa ofisini.

Mlinzi wa geti, aliyekuwa akisikiliza, akamtazama kwa huruma. "Bosi hayupo," akasema.

Ndipo Apolinaria akamwita Yahaya, fundi cherehani wa mjini, Mzaramo, mtani wa ukoo, ambaye neno lake kwenye mambo ya msiba halikataliwi. Siku ya mazishi huyu alishuka kaburini akagoma kutoka, akidai shimo zuri namna ile Mnyamwezi hastahili. Yahaya akawapanga wale wanne uani, akawakagua meno kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Hawa wote ni Wilbroad?"

"Wote."

"Mnyamwezi bwana, hata mtoto mnazaa kwa jumla! Haya, nani kati yenu atamsimikia baba yake msalaba?"

"Mko chini ya ulinzi!"

"Wewe kaa pembeni na suruali yako fupi."

"Bosi hayupo."

"Tunajua, bwana. Angekuwepo, mimi ningekuwa dukani kwangu."

Bwana harusi akaliweka ua lake sawa. "Ndiyo, nakubali," akasema, na machozi yakamtoka, ingawa kwenye filamu hayakumtoka.

Yahaya akapiga kofi moja. "Mtani nimesema. Huyu ni mwana. Beba!"

Bwana harusi akaushika kwanza, wengine wakafuata. Msalaba ukasimama. Maiti akalala kando ya kaburi, akatega sikio, kisha akainuka na kuitikia kwa kichwa: mzee ameridhika.

Wiki iliyofuata mheshimiwa akafika na magari matatu na mpiga picha. Alipoukuta msalaba umesimama, akaagiza ung'olewe, ili ausimike mwenyewe mwanga ukiwa bado mzuri. Watu wakamtazama Yahaya. Yahaya akaenda kusimama karibu na bwana harusi. Ukang'olewa.

"Baba, pumzika," akasema Wilbroad, akiusimika upya mbele ya kamera. "Lami ya Kwihara iko kwenye mpango."

Upepo uliharibu sauti, akarudia. Kisha akawapa watu mikono, na wale wanne pia, bila kuwatazama, mpaka akamfikia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Apolinaria kwa upole. "Na wewe umetoka filamu ipi?"

Wilbroad akacheka, kwa kuwa kamera ilikuwa bado inawaka. "Nitarudi, mama."

Magari yakaondoka. Jioni ile mvua ikanyesha, na msalaba, uliosimikwa kwa haraka, ukaanza kuinama. Apolinaria akapakua ugali na kisamvu kwa wanawe wanne. Sahani ya tano akaifunika, akaiweka karibu na mlango.

Mlinzi wa geti akaitazama ile sahani. "Bosi hayupo," akasema taratibu.

"Najua, baba," akajibu Apolinaria. "Kula."