Kichwa Hakiachwi Nusu

Mke wangu amebakiwa na neno moja, na neno lenyewe mimi nilikuwa silipendi.

Ni neno la Kiingereza, lina herufi tatu tu, na wasusi wakaliongezea ya nne mwishoni: seti. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne. Kila mwaka nilikuwa nawafungulia wanafunzi kamusi yangu kubwa na kuwaonyesha jinsi hicho kijineno kinavyokula kurasa. Kuandaa meza, ndilo hilo. Jua kuzama, hilo. Saruji kuganda, mfupa kurudishwa mahali pake, vikombe sita vinavyofanana, hilo hilo. Wanafunzi walicheka, nami nikatembea kati ya madawati kwa maringo kana kwamba nimelizaa mwenyewe.

Kumbe lilikuwa linanisubiri mtaani. Siku moja napita zangu nikaona kibao kimeandikwa TUNASETI NYWELE. Nikaingia kusahihisha. Nikamwambia mwenye saluni kwamba hakuna kitenzi kama hicho. Alikuwa na pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja, akaniambia, "Mwalimu, wewe unalijua hilo neno. Mimi linanilisha." Wateja wakapiga makofi. Nilirudi kesho yake nikidai nimesahau kalamu, na kalamu ilikuwa mfukoni.

Tukaoana, saluni ikahamia chumba cha mbele cha nyumba yetu, nami nikaendelea kusahihisha. Alikuwa na sheria moja: kichwa hakiachwi nusu. Mwaka ule upepo ulipong'oa mabati mawili, alimaliza kichwa cha mtu chini ya mwavuli, mteja kashika mwavuli, yeye kashika chanuo. Akishamaliza humshikia mteja kioo kidogo nyuma ya kisogo na kuuliza, "Seti?" Mteja asipojibu "Seti" haondoki kwenye kiti. Hata mimi, akivaa gauni jipya alikuwa ananigeukia: "Seti?" Nami mwerevu wa kupindukia nikamjibu, "Sema limenipendeza." Miaka thelathini na moja sikuwahi kumjibu neno lake hata siku moja.

Kiharusi kilimpiga miezi miwili na nusu iliyopita, saa nne asubuhi, akiwa amesimama kazini. Mkono wa kulia ukalala. Maneno yote yakaondoka, likabaki hilo moja. Mtaalamu wa matamshi anayekuja kila Jumatano alinituliza: akili ni nzima, anaelewa kila kitu, ila njia ya kutokea maneno imeziba na hilo ndilo linalopenya. "Wewe ni mwalimu," akaniambia. "Sasa kaa upande wa wanafunzi."

Nikanunua daftari. Nilikuwa naandika kila maana niliyoibaini. "Seti" fupi, kidevu kikielekea dirishani: vuta pazia, jua linanipiga. "Seeeti" ndefu yenye mkia: nani kakwambia, hebu endelea na huo umbea. Akilisema amefumba macho, bega linauma. Akilisema mara tatu haraka haraka mbele ya simu, ni wajukuu hao. Na kuna moja ya puani, kavu, ambayo nilichukua wiki nzima kukubali kwamba maana yake ni: mwanamume wewe, umeweka tena chumvi kwenye chai. Nilifika maana thelathini na tisa. Nilimsomea daftari lote jioni moja, akacheka mpaka chozi likamtoka, akanipigapiga shavu kwa mkono wa kushoto. Nasema kweli, sijawahi kumpenda kama nilivyompenda jioni ile.

Ila ilibaki moja iliyonishinda. Kila siku ikikaribia saa nne anajikokota hadi saluni, anakaa mbele ya ubao wa rola, vile vibomba vya kusokotea nywele. Ubao huo nilimtengenezea mwenyewe mwaka tuliooana, una misumari, kila rola na msumari wake. Anazigusa rola moja baada ya nyingine, kisha anatazama mlango wa barabarani na kusema "seti" kwa sauti inayoshuka. Halafu analia. Si kilio cha maumivu. Hicho nakijua, namba kumi na mbili. Ni kilio cha mtu aliyefanya kosa.

Nilijaribu kila kitu. Nilimwita binti wa jirani aje amseti yeye, nikidhani anataka nywele zake zitengenezwe. Mke wangu alizing'oa rola zote kichwani mwake na kuzirudisha kwenye misumari. Nilileta chai, nikaleta vikombe vya wageni, nikarekebisha saa ya ukutani. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Binti yetu kitindamimba, ambaye ni nesi mji mwingine, aliyaona machozi hayo kwenye simu. "Baba, hicho chumba kinammaliza Mama. Kila siku anaenda kulilia kazi asiyoweza tena. Jumamosi nakuja na gari. Mtahamia kwangu, saluni tuifunge."

"Mama yako hataki."

"Kasema?"

"Kasema seti."

"Baba!"

"Nipe mpaka Jumamosi," nikamwambia. "Nikishindwa kujua anachotaka, njoo utuchukue."

Mke wangu alikuwa pembeni anasikiliza. Alinishika mkono wa shati akaung'ang'ania, na hilo halikuhitaji daftari.

Ijumaa saa nne sikusimama mlangoni kama kawaida yangu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nami ni kipara tangu ujana, nikatazama anachotazama. Akaanza kuzigusa rola. Mwalimu ni mwalimu. Nikajikuta nazihesabu kama madaftari yaliyokusanywa. Misumari ishirini na minne, niliigonga mwenyewe. Rola kumi na sita. Safu nzima ya chini, misumari minane, mitupu. Nimeupita ubao huo miezi miwili na nusu, nikifuta vumbi juu yake, na sikuwahi kuuangalia.

"Nane hazipo," nikasema.

Akageuka kwa haraka mpaka nikadhani ataanguka. "Seti!"

Basi nikakumbuka mahali nilipoziona mara ya mwisho, na laiti nisingekumbuka.

Siku ile alipoanguka, kwenye kiti hiki alikuwa amekaa Fundi Sare, mama anayeshona sare za shule mtaa wa pili. Ndiye aliyemdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu. Ndiye aliyepiga kelele hadi gari likapatikana, akapanda naye, akamshika mkono njia nzima. Nilipofika hospitalini nimechanganyikiwa, nilimkuta kwenye korido na kichwa chake nusu rola nusu manyoya, analia kwa sauti, na watu wanamtazama. Badala ya kumshukuru, nilimfokea. Nilimwambia, "Hebu ondoka hapa, kavue hayo madude kichwani, umegeuza hospitali kichekesho!" Akaondoka. Hakukanyaga tena kwetu, nami nikajiambia kwamba watu ndivyo walivyo, ukiugua wanakukimbia. Sikumsimulia mtu yeyote. Ni rahisi sana kumlaumu mtu uliyemfukuza mwenyewe.

Mke wangu miezi yote hiyo alikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Alikiacha nusu, na hakuwa na neno la kutuambia hivyo.

Nilivaa viatu nikatoka.

Fundi Sare alikuwa kwenye cherehani, kaptula za bluu zimerundikana mpaka magotini. Kichwani amefunga kilemba. Aliniona, akaendelea kukanyaga pedali.

"Hodi, fundi."

"Mlango uko wazi, Mwalimu. Sare za nani?"

"Sijaja kwa sare." Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani yote yakapotea. Nikaonja kidogo anachokula mke wangu kila siku. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikosa."

Pedali ikasimama. "Rudia."

"Nilikosa. Wewe ulimwokoa, nami nikakutukana mbele za watu."

"Mwalimu kakosa," akasema taratibu, kama anayeonja. "Ngoja nitafute chaki niandike tarehe." Kisha akaiweka chini kaptula aliyokuwa anaishona. "Nimekuja mpaka kona yenu mara tatu. Mara tatu nikageuza. Nikajiuliza, pengine ni kweli nilimharakisha dada yangu. Nilimwambia afanye upesi, nina watu wa sare wananisubiri. Nikasema labda mumewe anajua."

"Hukumharakisha. Madaktari wamesema lingetokea popote."

"Ungeniambia mapema basi!" Sasa alilia wazi, akajifutia kaptula ya mtoto wa watu. Kisha akainuka, akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Rola nane, zimeoshwa, kila moja na pini yake.

"Nywele zako nani anakufanyia siku hizi?" nikamwuliza.

Akafungua kilemba. Sitaeleza nilichokiona. "Kichwa hiki kina mwenyewe," akasema.

Nikamweleza habari ya ubao, na habari ya Jumamosi. Alifikiri kidogo, akaniuliza swali moja tu. Dada aendelee na kichwa chake kuanzia wapi? Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi usijali. Mimi najua alipoachia."

Jumamosi binti yetu alifika mapema, akaweka sanduku la mama yake kitandani, akaanza kukunja nguo. Mke wangu alikaa saluni mbele ya ubao, hatazami mtu. Saa nne ikagonga. Nikasikia vicheko barabarani, vya wale watu wa kucheka kila kitu, nikatoka mlangoni.

Fundi Sare alikuwa anakuja katikati ya barabara, kifua mbele, bila kilemba. Upande wa kulia wa kichwa rola nane amezisokota mwenyewe. Upande wa kushoto nywele zimesimama wima. Ametembea hivyo mitaa miwili, Jumamosi, siku ya watu wengi, ili dada yake amkute pale pale alipomwachia. Nilimfungulia mlango.

Akaingia, akakaa kwenye kiti, akatazama kioo. "Dada," akasema, "nimechelewa kidogo."

Mke wangu aliinuka. Alimtazama kichwani muda mrefu. Kisha akachukua chanuo kwa mkono wa kushoto akampiga nalo begani. "Seti!" Sikuandika popote, lakini mtu yeyote angelielewa: ulikuwa wapi siku zote hizo? Halafu akamkumbatia kichwa chote, na rola zake.

Kazi ikaanza. Alitaka mkono wa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa mimi. Yeye anachambua fungu la nywele, mimi nashika ncha. Yeye anaweka rola, mimi nazungusha, naye ananitandika vidole. "Seti." Zungusha kwa ndani, siyo nje. "Seti!" Umekaza mno, unamvuta mwenzio ngozi. "Seti, seti." Pini, haraka, unangoja nini? Kati ya zile nane alikuta moja imesokotwa ovyo, akaifungua bila kuuliza. Fundi Sare alikuwa anajifanya hacheki. Jasho lilikuwa linanitiririka kipara kizima.

Binti yetu alikuja na gauni la mama yake mkononi, limekunjwa nusu. Akasimama mlangoni. Rola ya tano, ya sita, ya kumi. Nilimwona anamtazama mama yake, si mkono uliolala, bali huo mwingine, jinsi ulivyokuwa haukosei. Baadaye akaliweka gauni kitini, akaenda kuchomeka draya na kuisogeza bila kuambiwa.

Ilituchukua mpaka adhuhuri. Misumari yote ishirini na minne ilikuwa mitupu, na mke wangu akaitazama mara moja tu. Nywele zilipokauka, rola zikarudi ubaoni moja moja, safu ya chini ikajaa. Akachana. Akakata ncha moja ambayo mimi nisingeiona hata kwa miwani. Kisha akachukua kioo kidogo kwa mkono wa kushoto, akakishika nyuma ya kisogo cha Fundi Sare.

"Seti?"

"Seti, dada," akajibu Fundi Sare.

Lakini mke wangu hakushusha kioo. Alinigeukia mimi, nguo zangu zimelowa, pini mbili zimebaki mdomoni mwangu, na akaniuliza tena, mimi peke yangu.

Nyuma yetu, chumbani, nilisikia binti yetu anafungua sanduku na kutundika nguo kabatini.

Nikazitoa pini moja moja.

"Seti," nikamwambia.