Jina la Kwanza la Bwana Thiele

Kila Jumamosi Lothar Thiele na Roswitha Kühnel walifuta vumbi kwenye viti vya kale vya kuchongwa, nyuma ya altare ya kanisa la Mtakatifu Nikolai. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao. Roswitha aliongea na vichwa vya mbao vilivyochongwa kwenye viti hivyo kana kwamba ni majirani zake.

"Klaus, pua hiyo imejaa vumbi tena," alimwambia mtawa mmoja wa mbao. Nguruwe wa mbao alimwita Gisela. Lakini Lothar? Bwana Thiele. Miaka nenda miaka rudi, Bwana Thiele.

Na Lothar alimpenda, jamani. Alitamani mno kusikia jina lake kinywani mwa mwanamke yule. Ila mjini kwao jina la kwanza haliokotwi, hutolewa. Mkubwa humpa mdogo ruhusa ya kulitumia, mwanamke humpa mwanamume. Lothar ndiye mkubwa, Roswitha ndiye mwanamke, basi kila mmoja akakaa akimsubiri mwenzake. Watu wazima na akili zao!

Siku moja Roswitha alileta keki ya plamu na bilauri mbili za mvinyo. Kwao, majina yakitolewa, bilauri hugonganishwa.

"Bwana Thiele, huna la kuniambia?"

"Kuhusu keki?"

Roswitha akamkatia kipande. "Haya. Kuhusu keki."

"Kavu kidogo, Bi Kühnel."

Wakanywa, wakarudi kwenye vumbi lao. Lothar alijilaumu njia nzima kwenda nyumbani, akajiambia atasema Jumamosi ijayo. Hakusema.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia Roswitha, akahamishiwa nyumba ya wazee. Lothar akasikia kwamba siku hizi anamwita kila mtu kwa jina la kwanza, awe mchungaji, daktari, hata meya. Akavaa suti, akaenda. Alilokosa kwa woga wake, labda angelipata kwa ugonjwa wa mwenzake. Aliona aibu kuwaza hivyo, lakini alikwenda.

Roswitha alikuwa dirishani. Uso ukamchangamka. "Bwana Thiele. Karibu, keti."

"Una bahati, mzee," muuguzi alicheka. "Sisi wengine heshima zetu alishazifuta."

Lothar akamshika Roswitha mkono. "Niite Lothar. Nilipaswa kukwambia zamani."

Roswitha akatikisa kichwa polepole.

"Siwezi, Bwana Thiele," akanong'ona. "Lothar mwenyewe hajaniruhusu bado."