Wasomaji wa Mji Usiolowa

Bi Aaliya wa Shella hakuwa mtu wa mikutano. Harusini alikaa upande wa jikoni, matangani alikaa karibu na mlango, na vikao vya shule za wanawe alikuwa akimwachia mumewe, Mungu amrehemu. Kwa hiyo binti yake Radhia alipomwambia, "Mama, nenda Kilifi ukakae na wasomaji wangu," alidhani mtoto anaweweseka kwa kukosa usingizi.

"Nikakae nao nifanye nini?"

"Uwasikilize. Na wakiuliza, uwajibu."

"Nijibu mimi? Kwani kitabu nimeandika mimi?"

Radhia alikuwa kitandani, kichanga kimelala kifuani pake, arobaini hajaikaribia. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, na siku ya mkutano ilikwisha kupangwa kitambo. Sidi, muuguzi aliyeanzisha kikundi cha wasomaji huko Kilifi, alikuwa radhi kuahirisha. Lakini watu walikwisha kuomba ruhusa makazini, wengine wangetoka Ganze na Vitengeni, na Radhia moyo haukumpa kuwarudisha.

"Mama, sura zote za kitabu kile wa kwanza kuzisikia ni wewe. Sasa nani anifae kuliko wewe?"

Hilo lilikuwa kweli. Miaka yote ambayo Radhia alikuwa akiandika *Mji Usiolowa*, jioni ikifika alishuka na kompyuta yake akaketi mkekani, mama yake akidarizi kofia, akamsomea. Ilikuwa hadithi ya watu wa Mnarani wa zamani, pale Kilifi, ambao visima vyao vilipogeuka chumvi walishuka chini ya mkono wa bahari na nyumba zao, misikiti yao na mbuzi wao, na mpaka leo wanaishi huko wakavu kama kuni. Mlangoni mwa mji ule aliwekwa jini aitwaye Jabali. Na huku juu, vilimani, kulikuwa na msichana Mbeyu, ambaye alisikia maji yakitembea chini ya ardhi. Juzuu mbili zilikwisha kutoka. Ya tatu ilibaki sura za mwisho.

Bi Aaliya hakuwa msikilizaji wa kunyamaza. Alikuwa akiisimamisha sindano na kusema, "Malkia gani huyo asiyefukiza nguo zake udi?" au, "Jini habishi hodi namna hiyo." Radhia alicheka, akarekebisha. Lakini kusema mbele ya watu asiowajua ni jambo jingine. Usiku ule Bi Aaliya aliwaza, na asubuhi akavaa buibui lake zuri, akamwambia mwanawe wa kiume, Swafwan, ampeleke.

Sidi alikuwa ameomba darasa la shule ya chekechea, kwa kuwa Jumamosi halikuwa na watoto. Ukutani palichorwa herufi na matunda. Watu wazima zaidi ya ishirini walikuwa wamekaa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yakiwafikia videvu, kila mmoja na kitabu chake mkononi. Bi Aaliya aliwekewa kiti cha mwalimu. Aliposimama mlangoni na kuona vile vitabu, vingine kurasa zimekunjwa pembe, kimoja kimevalishwa gazeti kama msahafu wa chuoni, alivitazama kimoja kimoja. Alikuwa ameviona vikiwa vipya, katika maboksi, ukumbini kwake. Hakuwahi kuviona vimechakaa.

"Shikamoo, Mama," Sidi alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu sana. Leo mwandishi wetu ni wewe."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mjumbe tu. Mjumbe hauawi."

Wakacheka, na kicheko kile kikamkalisha.

Wa kwanza kusema alikuwa Kiprop, afisa wa kilimo aliyehamishiwa Kilifi kutoka Nandi. Alisema alikichukua kitabu ili anyooshe Kiswahili chake, maana wakulima wa huku walikuwa wakimcheka. Akadhani ni hadithi ya watoto. Alikianza Ijumaa, na Jumatatu alifika kazini macho mekundu.

"Mimi kwetu ni milimani, Mama. Bahari ilikuwa inanitisha. Kila nikivuka daraja nilikuwa natazama mbele tu, kama farasi. Sasa nikivuka naenda polepole, natazama chini." Akatabasamu kwa haya. "Najua hakuna mji. Mimi ni mtu wa sayansi. Lakini natazama."

"Hata mimi natazama," akasema mtu nyuma.

"Na mimi!"

Chumba kizima kikakiri. Bi Aaliya aliwatazama watu hawa, wenye kazi zao na akili zao timamu, ambao walikuwa wakichungulia baharini kutafuta paa za nyumba zilizojengwa na binti yake juu ya mkeka wake wa ukumbini. Akajifanya kuweka sawa mtandio.

Kisha akasimama Kanze, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mwembamba, sauti yake ya chini. Alisema yeye angependa kuuliza kuhusu kifo cha Jabali.

"Jabali!" watu waliguna kama waliofiwa jana.

"Mimi pia alipokufa nilimnunia Radhia," Bi Aaliya alisema. "Nilimwambia, huyu jini umemlea miaka yote hii, mlango ameulinda, sasa unamuua kwa nini? Sikumpikia chai."

Walipomaliza kucheka, Kanze alikuwa bado amesimama. "Mimi sikulia alipokufa. Nililia alipozikwa. Kule mjini kwao, mtu akichelewa mazishi, mazishi hurudiwa. Hata akichelewa mwaka. Wote wanavaa tena, wanakaa tena, wanalia tena, ili yule aliyechelewa asilie peke yake." Akakifunga kitabu chake. "Baba yangu alifariki nikiwa Saudia, kazi za nyumbani. Sikupewa ruhusa. Nilirudi, watu wamekwisha kulia, wamekwisha kula matanga, wanacheka. Nikaona aibu kulia. Nilikaa hivyo. Kisha nikasoma sura ile, nikawasomea ndugu zangu, wote, pale nyumbani. Nilipomaliza, kaka yangu mkubwa aliinuka. Akatoka, akatandika mikeka uani. Tukamlilia baba upya. Swali langu ni hili, Mama: Radhia alilijuaje jambo hili?"

Bi Aaliya alifungua mdomo aseme kwamba hajui. Na hapo hapo akajua.

Mumewe alifariki alfajiri na kuzikwa kabla ya adhuhuri, kama ilivyo desturi. Radhia alikuwa chuoni Nairobi. Alifika usiku, akakuta ubani na viatu vingi mlangoni. Aliwapokea wageni, akaosha vyombo, akamshika mama yake asianguke. Bi Aaliya alikuwa amejivunia uimara ule. Hakuwahi kujiuliza mtoto alililia wapi. Na jioni ile aliposomewa sura ya mazishi ya Jabali, yeye alikuwa na ghadhabu kwa ajili ya jini, hakusikia kilichosemwa.

"Naye alichelewa," alisema. "Babake alipokufa, Radhia alichelewa. Mimi ndiye niliyekuwapo, na sikulijua. Umenijulisha wewe."

Kanze alikuja mbele, akampa mkono.

Ingeweza kuishia hapo kwa amani, lakini Mzee Mwaringa alikuwa ameinua mkono muda mrefu. Alikuwa mkulima wa mihogo na mikorosho kutoka Ganze, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na katika kikundi kile hakuna aliyesoma juzuu zote mbili mara nyingi kumshinda.

"Bibi," alisema, "kwanza nishukuru. Sijawahi kuona kitabu ambacho shujaa wake anaitwa Mbeyu. Mjukuu wangu ni Mbeyu. Nilimwonyesha jina lake, akalifuata kwa kidole." Akavua miwani. "Sasa nina ugomvi. Mbeyu anasikia maji mahali ambapo wenye hekima wote wa mji wameshindwa. Kisima kinachimbwa, maji yanatoka. Malkia anapigiwa siwa, ile pembe ya wafalme, anatupiwa maua. Mbeyu je? Nageuza ukurasa, Mbeyu anabeba mtungi! Nikarudi nyuma, nikadhani nimeruka ukurasa. Sikuruka. Kwa nini sisi wa mashambani, hata kwenye hadithi ya majini ambako lolote linawezekana, bado ni wa kubeba?"

Kila mtu alijua Bi Aaliya katoka wapi. Ukoo wake ulikuwa na mashamba ya minazi tangu enzi za mababu, na waliokwea minazi ile na kubeba madafu walitoka kwa kina Mwaringa. Sidi alianza kusema kitu cha kupoza, Bi Aaliya akamzuia kwa mkono.

Alikuwa na jibu la heshima tayari mdomoni: kwamba hii ni hadithi tu, mzee wangu. Lakini asubuhi nzima watu hawa walikuwa wamemwonyesha kwamba si hadithi tu, naye alikuwa ameipokea sifa ile kwa mikono miwili. Hawezi kuichukua sifa na kuikataa lawama. Akalimeza jibu lake.

"Mzee Mwaringa, sura hiyo nilisomewa. Nilimkosoa Radhia rangi ya maua. Mtungi sikuuona." Akatoa simu mkobani. "Jambo hili si la kupelekwa na mjumbe. Mwambie mwenyewe."

Simu iliitika, sauti ikafunguliwa. Kichanga kilikuwa kikilia, kisha kikanyamazishwa kwa ziwa. Mzee Mwaringa aliurudia ugomvi wake, neno kwa neno, bila kuupunguza.

"Mzee," Radhia alijibu, "katika juzuu ya tatu nimempa Mbeyu mume mwema na nyumba ya ghorofa."

"Sikuomba mume."

Darasa zima liliangua kicheko, na katika simu Radhia pia alisikika akicheka, ingawa si sana. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ile ambayo Bi Aaliya aliijua, ya mtu aliyekwisha kuchukua kalamu: "Basi nisaidie, turudie siku ile ya kisima katika juzuu ya tatu. Malkia anapigiwa siwa. Mtu anamletea Mbeyu mtungi, anamwambia abebe. Yeye anafanyaje?"

Mzee Mwaringa hakufikiri. Labda alikuwa amefikiri miaka.

"Anakaa chini. Pale pale kwenye mdomo wa kisima. Anasema: madzi haya nimeyasikia mimi, na wa kwanza kuyanywa ni mimi. Mkimaliza siwa yenu mtanikuta hapa."

Kiprop ndiye aliyeanza kupiga makofi, na yalipokwisha kuanza hayakukatika upesi.

"Naomba maneno hayo, mzee wangu," Radhia alisema. "Nitayaweka kama ulivyoyasema, na jina lako nitalitaja mwanzoni mwa kitabu."

"Chukua. Lakini umesikia? Amesema *madzi*. Kwao ni madzi. Usimgeuzie yakawa maji."

"Yatakuwa madzi, inshallah."

Mzee Mwaringa alivaa miwani yake, akakaa kwenye kiti chake kidogo, mgongo umenyooka kama aliyekalia kiti cha enzi.

Mwisho wa mkutano wakamzunguka Bi Aaliya na vitabu vyao, wakitaka awatilie sahihi. Alikataa. Hakuandika yeye, hawezi kutia sahihi kazi ya mtu. "Basi andika ulivyo," Sidi alimwambia. Akafikiri, akaomba kalamu, akaandika kwenye kitabu cha kwanza, kwa mwandiko wake wa taratibu: *Aaliya, mamake Radhia.* Aliutazama mwandiko ule, ukampendeza. Akaandika na cha pili, na cha tatu, na kilichovalishwa gazeti, mpaka vikaisha. Cha Mzee Mwaringa alikiandika mwisho, akaongeza, *kwa Mbeyu wa Ganze.*

Swafwan alipomrudisha Shella jua lilikuwa limelegea. Alimkuta Radhia ameketi kitandani, kompyuta mapajani, mtoto kalala ubavuni. Bi Aaliya hakumwambia habari zozote kwanza. Alivua buibui, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika binti yake mkono.

"Siku ile ya baba yako," alisema, "hukulia."

Radhia alimtazama. Akaifunga kompyuta.

"Lia sasa, mama yangu. Mimi nipo. Tutamlilia sote."

Wakamlilia pamoja, mama na mwana. Mpaka jirani akabisha hodi na sahani ya mkate wa sinia kwa ajili ya mzazi, akamkuta Bi Aaliya anafuta macho na anacheka kwa pamoja. Akamuuliza kulikoni, na leo kutwa alikuwa wapi, mbona nyumba ilikuwa kimya.

"Nilikuwa Kilifi," Bi Aaliya alimjibu, akapokea sahani. "Nilikwenda kwa wasomaji wetu. Kaa, bibi wee, nikuhadithie watu wanavyosoma."